Keekee ya Umeme ya Fundi Shija

"Nyumba ikiruhusiwa kuwa na kifaa kimoja tu cha ufundi, kiwe kipi?"

Niliulizwa hivyo asubuhi yangu ya kwanza kazini, nimesimama mlangoni mwa karakana ya idara ya maendeleo, Tabora, enzi hizo bendera ya Mwingereza bado inapandishwa Boma kila asubuhi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kule Uganda miezi michache tu kabla, na nilijiona nina jibu la karibu kila kitu.

"Inategemea," nilisema.

"Inategemea nini?"

"Nyumba yenyewe."

"Nyumba ya udongo, nyasi juu, mlango wa mabua. Kama ya mama yako kule Goweko."

Nikatazama benchi lake. Kitu kilichokuwa karibu na mkono wangu kilikuwa nyundo, nikakitaja hicho.

"Hata jiwe linapiga msumari, binti. Kafikirie, halafu urudi."

Mwulizaji alikuwa Fundi Shija, mkuu wa karakana, Mnyamwezi wa Usoke, Mmoraviani aliyeimba besi kanisani, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi mliobaki idarani mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo na mishahara nimeviacha, kwa kuwa vimo kwenye mafaili na havimfundishi mtu kuchagua msumeno. Nitakaa zaidi kwenye miaka ile ya mwanzo, na hasa kwenye mashine moja iliyokaribia kumpeleka mtu jela, nami nikiwa ndiye niliyetakiwa kusema kama ni mwizi au si mwizi.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Serikali ilitaka watu wa vijijini watengeneze nyumba zao kwa mikono yao: milango ya mbao, madirisha yanayofunga, vitanda vinavyomwinua mtoto kutoka ardhini. Bwana Pelham, mkuu wetu, aliamini kwamba kikundi cha kina mama kikipewa vifaa vichache vizuri kitamaliza yaliyobaki chenyewe. Vifaa gani? Hapo ndipo nilipoingia mimi. Niliajiriwa kuchagua vifaa vya ufundi nikiwa sijawahi kushika randa maishani. Nilimwuliza Bwana Pelham kwa nini nimepewa mimi kazi hiyo, akasema kwa sababu nimesoma. Nikamwuliza nimesoma nini kinachohusu randa. Akatazama saa yake.

Kabla wiki haijaisha Fundi Shija alikwisha kunipa jina: Bibi Kwa-Nini. Mwezi ulipotimia, hata wapakia mizigo wa stesheni waliniita hivyo. Bwana Pelham naye aliiga, akalitamka kama jina la kijiji fulani alichotaka kukitembelea.

Somo la kwanza la kuchagua nililipata dukani kwa Bwana Jivan, Mhindi mwenye duka la vyuma karibu na soko. Fundi Shija hakuutazama msumeno jinsi ninyi mnavyoutazama leo, kwa kusoma maandishi yake. Aliupinda mpaka ncha ikakaribia mpini, kisha akauachia. Ukarudi ulivyokuwa, ukalia kama kengele ndogo.

"Kwa nini unaupinda?" niliuliza.

"Chuma kibaya ukikipinda kinabaki kimepinda."

"Fundi, ukivunja unanunua," Bwana Jivan alisema bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake.

"Nikivunja, Jivan, nimekuokoa na aibu ya kumwuzia mtu mwingine."

"Aibu yangu niachie mwenyewe. Huo umetoka Ulaya juzi."

"Na utarudi lini?"

Tulikaa mle nusu ya siku. Randa aliishika kama bunduki, akafumba jicho moja, akatazama kama uso wake wa chini umenyooka. Mpini wa patasi aliugonga kwa ukucha akasikiliza. Mimi nilitaka pimamaji, yeye akasema sahani yenye maji inatosha. Nilimwambia sahani haisimami ukutani. Tulibishana mpaka Bwana Jivan akatuagizia chai na sisi, na mwisho pimamaji ilinunuliwa. Hayo ndiyo mabishano ya kwanza niliyomshinda, na alinikumbusha mara nyingi kwamba yalikuwa ya bahati.

Tukaanza safari za vijijini kwa gari moshi, sanduku la vifaa likiwa chini ya miguu yetu. Usoke tulikuta kina mama wana nguvu kuliko nilivyotarajia na subira kidogo kuliko nilivyotarajia. Mbao za huko ni mninga, mti mzuri na mkaidi. Baada ya majuma machache patasi zilikuwa butu, msumeno unatafuna badala ya kukata, na mlango wa kwanza ulikuwa umekwama katikati. Nilikaa juu ya gogo nikitazama kifaa kimoja baada ya kingine, vyote vizima na vyote havina kazi. Niliporudi Tabora nilikwenda moja kwa moja karakana.

"Tupa," nilimwambia Fundi. "Nyumba ikiwa na kifaa kimoja tu, kiwe tupa. Shoka, panga na kisu wanavyo tayari. Hawana cha kuvinolea."

"Umechelewa," alisema, "lakini umefika."

Mpaka leo nikimshauri mtu anayeanza kutengeneza vitu nyumbani mwake, namwambia atenge fedha ya kunolea kabla hajanunua cha kunolewa. Huwa hawanisikii. Tupa haipendezi ukutani.

Goweko, kwa watu wangu, tulikwama kwa jambo jingine. Vifaa vitakaa kwa nani? Mimi nilikuwa nimepanga vikae kwa mwenyekiti wa kikundi. Jirani ya mama yangu, Mama Kabula, alicheka.

"Vikikaa kwa mmoja, mwanangu, mumewe atavifanya vyake. Jumamosi utamkuta anatengeneza kiti cha kunywea pombe."

"Tufunge sanduku kwa kufuli."

"Na ufunguo atalala nao nani?"

Wakakata shauri wenyewe. Msumeno ulikwenda nyumba moja, randa nyumba ya pili, keekee ya mkono, ya kutobolea mbao, nyumba ya tatu, na kadhalika mpaka sanduku likabaki tupu. Hakuna ambaye angeweza kujenga chochote bila kuwaita wenzake, na hakuna mume ambaye angeona faida ya kunyang'anya randa isiyo na msumeno. Niliuliza maswali yangu yote ya chuo kikuu kuhusu mpango ule na sikupata tundu. Vifaa vile vilidumu kuliko vya kijiji kingine chochote.

Kisha ikaja mashine. Bwana Pelham alirudi kutoka likizo Ulaya na kasha la mbao, na ndani yake, juu ya maranda laini, ilikuwamo keekee ya umeme, kijivu, nzito kama mtoto wa miezi sita. Vijana mnaopita na vitobolezi vya betri mfukoni hamwezi kuelewa. Sisi tulikuwa tunatoboa mninga kwa kuzungusha mkono mpaka bega linawaka. Bwana Pelham aliichomeka, akaiwasha, ikanguruma, ikaingia kwenye ubao kama kidole kwenye ugali. Fundi Shija alivua kofia.

Mimi sikuvua kitu. "Usoke umeme uko wapi?" niliuliza. "Goweko je? Tumechagua kifaa ambacho hakuna nyumba hata moja kwenye mpango wetu inayoweza kukitumia."

Bwana Pelham alisema lilikuwa swali zuri. Alipenda kusema hivyo, na baada ya kusema hivyo hakuwa akifanya jambo lolote.

Fundi ndiye aliyejibu. "Mashine haiendi Usoke, Bibi Kwa-Nini. Matundu ndiyo yanakwenda."

Ikawa hivyo. Miimo ya milango ilipimwa, ikakatwa na kutobolewa karakana, kisha ikapakiwa kwenye behewa la mizigo. Kule kijijini kina mama walikuta matundu yamekwisha kaa mahali pake, wakabakiwa na kukaza parafujo tu. Na parafujo hizo Fundi aliwafundisha kuzipaka nta ya nyuki kwanza, maana mninga hukataa chuma kikavu na huweza kukivunja shingo. Nta haikuwa shida. Ile ni nchi ya asali.

Nilikubali nusu. Nusu nyingine niliendelea kuuliza: kama matundu yanatoka Tabora, mwanamke wa Usoke amejifunza nini siku Tabora ikinyamaza? Nawaachia swali hilo, kwa kuwa sasa mna mashine nyingi zaidi na linawahusu zaidi. Lakini kuhusu namna ya kuishi na mashine yenyewe, yote ninayoyajua niliyapata kwa Fundi. Usiisukume, iache itoboe yenyewe. Ukisikia mlio umekuwa mzito, rudisha nyuma, safisha tundu, endelea. Ukisikia harufu ya moto, zima, hata kama umebakiza unene wa ukucha. Waya ukague kwa vidole kila asubuhi kabla ya kuuchomeka, na kanga au shuka linaloning'inia livuliwe mlangoni. Alikuwa akiisafisha kila Jumamosi kwa brashi ya kunyolea ndevu, na ndevu zake zilionyesha kwamba brashi ilikuwa na kazi moja tu.

Masika ya mwaka uliofuata paa la stoo ya karakana lilivuja. Fundi alimwomba Bwana Pelham ruhusa ya kuipeleka mashine nyumbani kwake mtaa wa Ng'ambo, akaruhusiwa kwa mdomo. Akaifunga kwenye gunia, akaiweka kwenye baiskeli, na kila asubuhi akaja nayo kama mzazi anayepeleka mtoto shule.

Masika hayo hayo aliugua kifua. Tulidhani ni mafua. Hakumaliza juma.

Nilikwenda msibani asubuhi ya mazishi. Nyamizi, mke wake, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa kanisani. Kulwa, kaka wa marehemu, alikuwa amefika kwa gari moshi kutoka Usoke. Ndiye pacha aliyebaki, Doto alikufa mdogo, na Shija alizaliwa baada yao. Alikuwa akiingia na kutoka, akipanga hiki na kile, kama ilivyo kazi ya kaka mkubwa siku kama hiyo. Nje, mwenye sauti kuliko wote, alikuwa Saidi.

Saidi alikuwa mtu wa reli, mbadilisha njia za treni pale stesheni, Mzaramo wa Kisarawe. Yeye na Fundi walitukanana kila siku ya Mungu kwa miaka mingi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wazee walituambia kwamba utani huo ulianza zamani za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na vitambaa kwa miguu kati ya Tabora na pwani, na kufika nchi ya Wazaramo wakiwa hoi. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake na usikasirike. Msibani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayechekesha wafiwa, na ana haki ya kukamata kitu cha marehemu mpaka ndugu wakikomboe kwa zawadi ndogo na maneno ya utani. Nilikuwa nimeandika insha chuoni kueleza kwamba mambo haya yatakwisha elimu itakapoenea. Nilipata alama nzuri.

"Wanyamwezi!" Saidi alikuwa akipiga kelele, matope ya kaburini yamemfika magotini. "Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani bila kutoa chozi. Leo mna mzigo mmoja tu wa kufikisha makaburini, mnalia kama mmetwikwa gari moshi zima!"

Wanawake wawili walicheka ndani ya kilio. Mimi nilikasirika. Nilimpenda Fundi Shija, na sikuona cha kuchekesha.

Akatoweka kidogo. Aliporudi alikuwa na gunia kichwani, nami nililijua gunia lile. Akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wa mpagazi, goti limepinda, mkono kiunoni.

"Huyu alikuwa mtumwa wangu, ameondoka bila kuniaga!" alisema. "Nimekamata mashine yake. Anayeitaka ajue ninapokaa!"

Akaenda zake nayo. Akarudi mikono mitupu, akabeba jeneza upande wa mbele pamoja na Kulwa.

Jumatatu Bwana Pelham aliulizia mashine. Nyamizi alitoa jibu la kweli: iko kwa Saidi. Bwana Pelham alisikia kwamba kifaa cha serikali kimechukuliwa kutoka nyumba ya marehemu na mtu ambaye si ndugu wala mfanyakazi wa idara, akaandikia polisi. Askari alimfuata Saidi stesheni, akamtoa kazini mbele ya wenzake akiwa amevaa sare.

Niliitwa kituoni kutafsiri, maana Kiswahili cha Bwana Pelham kilikuwa cha kuagizia chai. Saidi alikaa kwenye benchi, kofia mapajani. Sijapata kumwona mtu yule amekaa kimya namna ile.

"Ulijua mashine hii ni ya serikali?"

"Nilijua."

Nilitafsiri nikitamani angejibu vingine.

"Basi kwa nini uliichukua?"

"Mtani wangu amekufa."

"Utairudisha?"

"Ikikombolewa."

"Na nani?"

"Na watu wake."

"Saidi," nilimwambia kwa Kiswahili, bila kungoja swali, "waeleze. Sema neno lolote la kukusaidia."

Alinitazama, akatazama sakafu. "Nimekwisha sema, dada."

Bwana Pelham alinigeukia. "Bi Agatha, wewe ni mtu wa huku, na umesoma. Hii ni mila, au huyu ni mwizi aliyepata hadithi nzuri?"

Mke wa Saidi na watoto walikuwa wakikaa kota za reli. Akifungwa, kazi imekwenda, na kota imekwenda siku hiyo hiyo. Yote hayo yalikuwa yamesimama juu ya neno langu, neno la mtu ambaye aliiona mila ile kuwa upuuzi na aliyekwisha kuandika hivyo kwa wino. Nilijiuliza pia kama hana hila. Sikuwa na namna ya kujua yaliyo moyoni mwake. Nilichojua ni kwamba jambo alilolitaja lipo.

"Ni mila, Bwana," nilisema. "Mimi siipendi. Lakini ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho wake bado haujafika."

"Basi ufikishe," alisema. "Leo, kabla ofisi haijafungwa. Nisipoona mashine, shauri linakwenda mahakamani."

Nilipanda baiskeli mpaka Ng'ambo. Matanga yalikuwa bado yanaendelea. Nilimwamkia Kulwa, nikamweleza: ndugu wa marehemu wanatakiwa wakamkomboe mtani wao.

"Simkomboi," alisema.

"Mzee Kulwa, atafungwa."

"Afungwe. Mtani gani anakamata mali ya serikali?"

"Lakini alichimba kaburi la mdogo wako."

"Nimesema simkomboi!" Akainuka, akatoka, akaniacha nimesimama. Nikadhani ni uchungu wa msiba.

Nyamizi alikuwa amesikia yote kutoka kwenye mkeka wake. "Agatha," aliniita. "Wewe kwa Shija ulikuwa nani?"

"Mwanafunzi wake, mama."

"Basi wewe ni mtu wake. Kwenye kona ile kuna kibuyu cha asali. Mizinga aliichonga mwenyewe. Kichukue, ukamkomboe yule mpumbavu."

"Mama, sijui kutania."

"Mtukane tu. Lakini mtukane vizuri."

Nilirudi kituoni na kibuyu kimefungwa nyuma ya baiskeli. Saidi alikuwa bado kwenye benchi, askari wawili wamekaa naye. Nikamwamkia kwa adabu, shikamoo.

"Mtani haamkiwi shikamoo," alisema. "Unataka na mimi nife?"

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimetunga njiani. "Mzaramo wewe, maisha yako yote umelala chini ya mnazi unangoja nazi ikudondokee. Nani amekufundisha kubeba kitu kizito kama mashine? Hukuvunjika shingo?"

Askari mmoja, Msukuma, alipiga paja. "Mwongeze, dada!"

"Na hata kukamata hujui kukamata! Umeacha asali ndani, umebeba chuma. Utakila chuma?"

"Mnyamwezi mmoja, tena mwanamke, tena msomi," Saidi alisema polepole, na uso ulianza kufunguka, "amekuja kunikomboa kwa kibuyu. Babu yako aliniuzia pembe ya ndovu kwa shanga tatu, nikasema watu hawa hawajui bei. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo."

Nikampa kibuyu. Alifungua, akachovya kidole, akaonja.

"Hii ni asali ya Shija," alisema. Akageukia ukuta, na kwa muda mrefu tuliona mgongo wake tu. Askari waliacha kucheka.

Kisha akasema, bado amegeukia ukuta, "Mwambie mzungu mashine iko kwangu chini ya kitanda. Mke wangu ameifunga kanga mbili. Haijaingia hata tone la mvua."

Bwana Pelham aliichomeka mwenyewe, ikanguruma, akaizima, akafuta shauri. Saidi alirudi stesheni kuwahi treni ya jioni. Wenzake walimwita Mkamataji mpaka alipohamishwa, na hakuwahi kukanusha.

Msidhani nilitoka pale nimekuwa mtu wa mila. Jioni ile nilijiuliza jambo ambalo bado linanisumbua. Kama mtafsiri angekuwa Mhaya, au Mchaga, au mtu yeyote ambaye watani wake wako kwingine, nani angesema ni mila? Mtu mmoja alinusurika kwa sababu aliyesimama pale alizaliwa Goweko. Hiyo si haki, ni bahati, na kazini bahati isitegemewe. Tangu hapo kila kifaa kilichopita mikononi mwangu nilikipiga chapa, na kijiji kizima kikaambiwa hadharani ni cha nani na kinalala wapi, mwenye kukitunza akiwa hai na akifa. Pelekeni desturi hiyo mbele. Mkichagua mashine kwa ajili ya nyumba za watu, anzeni na keekee, maana hakuna kazi ya nyumbani isiyohitaji tundu. Msumeno wa umeme ungoje mpaka mkono umezoea msumeno wa kawaida. Lakini kabla ya nguvu yake na bei yake, ulizeni italala nyumba gani.

Mashine ile niliitumia mpaka brashi zake za ndani, zile za kupitishia umeme, hazikupatikana tena mahali popote. Saidi sikumwona baada ya uhamisho. Nilisikia alistaafu akarudi Kisarawe, na kwamba amekwisha fariki.

Mwaka jana, nikizunguka kuaga vikundi, nilimkuta Kulwa Usoke, mzee sana, haoni vizuri. Nilimwuliza, bila hasira, kwa nini siku ile alikataa kumkomboa Saidi. Akaniambia. Asubuhi ya mazishi alikuwa amepatana na mchuuzi mmoja amwuzie vifaa vya Shija, na kwamba watu watakapokwenda makaburini vipitishwe uani, mashine ikitangulia. Walikuwa wakinong'onezana nyuma ya nyumba Saidi alipofika kuchukua jembe. Aliwasikia. Hakumwambia Nyamizi, hakuwaambia polisi, hakuniambia mimi. Alimtazama kaka wa rafiki yake, akaweka jembe chini, akaingia ndani, akajitwika gunia, akatoka nalo kwa mlango wa mbele.